Boila inapoteza presha kila mara, na leo imezima kabisa: tuanzie wapi?

MpangajiLeeds

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa mtu anayezifahamu boila za gesi za huku Uingereza, kwa sababu nyumba yangu imekuwa baridi tangu alfajiri, na ndani nina mtoto mchanga pamoja na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro.

Nimepanga nyumba ya matofali iliyoshikana na za majirani hapa Leeds. Boila ni ile ya ukutani, iko jikoni, inapasha maji ya kuogea papo kwa papo bila tangi, na hiyo hiyo ndiyo inayozungusha maji ya moto kwenye rejeta za vyumba vyote, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayotoa joto. Tangu baridi ianze, mshale wa presha umekuwa ukishuka hadi karibu na sifuri, boila inagoma, nami nafungua koki ya kujazia maji iliyo chini yake mpaka mshale ufike 1.5, kisha inawaka. Mwanzoni ilikuwa inachukua wiki kadhaa kabla ya kushuka. Siku hizi najaza karibu kila asubuhi.

Leo hali ni tofauti. Usiku kucha kulikuwa na baridi ya kugandisha. Asubuhi nimekuta rejeta zote baridi na bomba la maji ya moto linatoa maji baridi, ilhali mshale wa presha uko mahali pake. Kioo cha boila kinaonyesha namba ya hitilafu. Kila nikibonyeza kitufe cha kuiwasha upya inajaribu kuwaka, ndani kunasikika maji yanayogugumia, kisha inazima. Mwenye nyumba nimempigia, akaniambia nijaze maji. Maji yamo. Naomba mnielekeze.

MkaziBarking

Pole sana dada. Wakati tukisubiri wenye utaalamu, hebu hakikisha kwanza kwamba gesi yenyewe inafika. Kama mita yako ni ile ya kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani, angalia salio, kwa sababu likiisha boila inafanya hivyo hivyo: inajaribu, inakosa moto, inajifunga. Washa jiko la gesi la kupikia; likiwaka vizuri, basi tatizo si gesi ya nyumba nzima. Angalia pia swichi ya umeme ya boila, ile yenye fyuzi iliyo ukutani karibu nayo, ingawa kwa kuwa kioo kinaonyesha namba, umeme bila shaka unafika. Na betri za themostati ya ukutani, kile kifaa cha kupangia joto la nyumba, nazo zikiisha nyumba hupoa.

MpangajiLeeds

Asante. Jiko la kupikia linawaka na mita haina deni. Betri za themostati nimebadilisha, hakuna tofauti.

Baharia_wa_Tanga

Poleni. Kwa sasa, ili mtoto na bibi wasipate shida, si vibaya kuwasha mkaa kidogo kwenye jiko la kuchomea nyama, ukaliingiza sebuleni na kuacha dirisha wazi kidogo. Sisi nyumbani msimu wa baridi Lushoto tulikuwa tunafanya hivyo.

FundiJoto

Ndugu Baharia, naomba niseme kwa uzito wote: hapana, usimshauri mtu yeyote jambo hilo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili zisipoteze joto. Ni gesi ile ile ambayo kila msimu wa baridi inaua watu nyumbani kwetu, waliolala na jiko la mkaa chumbani. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kumlinda mtoto mchanga. Dada, kama una hita ya umeme itumie, kusanyikeni wote katika chumba kimoja, mfunge milango na mapazia. Hiyo inatosha kwa saa chache zijazo.

Sasa nije kwenye boila. Mimi ni fundi wa gesi mwenye leseni na ninafanya kazi hii huku kaskazini mwa Uingereza. Maelezo yako yana hitilafu mbili zisizohusiana, na mwenye nyumba amezichanganya zote kuwa moja. Tuzitenganishe.

Swali la kwanza ambalo kila mtu anapaswa kujiuliza boila inapogoma ni hili: kimekufa kipi? Ni rejeta peke yake, ni maji ya bombani peke yake, au ni vyote viwili? Maji ya bombani yakiwa moto na rejeta zikiwa baridi, boila ina uwezo wa kuwasha moto, kwa hiyo tunatafuta kasoro kwenye themostati, kwenye saa ya kupangia muda, au kwenye vali ya ndani inayogeuza njia ya maji. Lakini kwako vyote viwili vimekufa. Themostati ya ukutani haihusiki na maji ya kuogea hata kidogo, ndiyo maana kubadilisha betri hakukusaidia. Boila yako inashindwa kuwaka au kudumisha moto, na wewe mwenyewe umetaja dalili mbili zinazonionyesha pa kuanzia: baridi ya kugandisha, na maji yanayogugumia ndani.

Boila zote mpya za gesi zinazofungwa katika nyumba za England na Wales tangu Aprili 2005, isipokuwa pale penye sababu maalumu, ni za aina inayovuna joto hata kutoka kwenye moshi. Maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke uliomo kwenye moshi unageuka maji ndani ya boila. Maji hayo, yenye asidi kidogo, ni lazima yatoke, na yanatoka kwa paipu ya plastiki. Mahali ambapo fundi aliona ni kazi kuifikisha paipu hiyo kwenye sinki la ndani, aliipitisha ukutani ikatokea nje. Mara nyingi ni nyembamba, ya milimita 21.5, nyeupe, wala haijavishwa chochote. Maji yanatoka kidogo kidogo, tone kwa tone, na usiku wa barafu yanaganda humo humo, mara nyingi kwenye kona au pale mdomoni. Yakishaziba, maji yanarudi nyuma ndani ya boila, na boila inajizima kwa usalama wake.

Toka nje, utafute paipu ya plastiki inayotoka ukutani upande wa pili wa mahali boila ilipo. Usiichanganye na bomba nene la moshi, wala na paipu nyembamba ya shaba, ambayo nitaizungumzia baadaye. Kama unaifikia ukiwa umesimama chini, na nasisitiza ukiwa umesimama chini, wala si juu ya ngazi yenye barafu, mimina maji ya vuguvugu juu ya paipu polepole, kuanzia juu kuelekea chini, ukikaa zaidi kwenye kona na mdomoni. Usitumie maji yanayochemka, kwa sababu plastiki iliyoganda hupasuka. Chupa ya mpira ya maji ya moto ikifungwa kwenye kona nayo inafanya kazi nzuri. Barafu ikiachia utasikia maji yaliyokuwa nyuma yakishuka yote kwa pamoja. Hapo ndipo ubonyeze kitufe cha kuwasha upya, mara moja, na uipe muda. Mwaga chumvi pale chini, maana maji uliyomimina yataganda na mtu atateleza.

MpangajiLeeds

Fundi, Mungu akubariki. Paipu nimeiona, nyeupe, inashuka ukutani hadi kwenye mfereji wa nje, na mdomoni ilikuwa na barafu iliyoning'inia. Nimemimina maji ya vuguvugu na kuifunga chupa ya mpira kwenye kona. Baada ya muda kikatoka kipande cha barafu chenye umbo la paipu yenyewe, maji yakafuata. Nimebonyeza kitufe, boila imewaka, na rejeta ya sebuleni imeanza kupata joto. Mama ameweka kiti chake pembeni yake.

Naomba sasa tuzungumzie presha, kwa sababu najua kesho nitaikuta sifuri tena.

FundiJoto

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Usiku wa leo na kesho, ikiwa baridi itaendelea, pandisha kidogo joto la maji ya rejeta kwenye boila yenyewe, ili maji yanayorudi yawe moto zaidi na mvuke unaogeuka maji upungue. Ni hatua ya muda tu. Mwambie mwenye nyumba kwamba sehemu ya paipu iliyo nje inatakiwa iwe pana, angalau milimita 32, iwe fupi, na ivishwe sponji ya kuzuia baridi isiyopitisha maji. Bora zaidi ingeelekezwa kwenye sinki la jikoni ikaishia ndani.

Kuhusu presha, jambo ambalo ningependa kila mpangaji na kila mwenye nyumba alifahamu ni hili: kujaza maji si kutengeneza. Maji yanayozunguka kati ya boila na rejeta ni yale yale, yamefungiwa, hayatumiki wala hayapungui. Kujaza mara moja au mbili kwa mwaka, hasa baada ya kutoa hewa kwenye rejeta, ni jambo la kawaida. Anayejaza kila wiki ana maji yanayotoka mahali fulani, na wewe unayejaza kila asubuhi unapoteza mengi. Kazi yetu ni kujua yanatokea wapi.

Kabla sijakisia, naomba unisaidie kuangalia mambo kwa macho yako. Boila ikiwa imepoa kabisa, jaza hadi mshale uwe kati ya 1 na 1.5, kisha funga koki ya kujazia kwa nguvu ya mkono. Kama ni mbili, moja kila upande wa paipu ya chuma iliyosokotwa, funga zote mbili. Koki iliyoachwa nusu inaleta matatizo mengine kabisa. Andika ulipo mshale. Kisha washa joto la rejeta na uusimamie mshale huo nyumba inavyozidi kupata moto. Halafu toka nje uangalie ile paipu nyembamba ya shaba, inayotoka ukutani karibu na boila na ambayo kwa kawaida ncha yake imekunjwa kuuelekea ukuta. Inatakiwa kuwa kavu siku zote. Mwisho, pitisha karatasi ya chooni, iliyo kavu, kwenye maungio ya kila rejeta, pale koki inapokutana na paipu. Karatasi itaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

MkaziBarking

Fundi, wakati dada anafanya hayo, naomba niulize langu, kwa kuwa umeligusa. Kwangu maji ya bombani ni moto kabisa, lakini rejeta haziwaki hata nikipandisha themostati hadi 25. Jambo la ajabu ni kwamba nikifungua bomba la maji ya moto kwa muda mrefu kisha nikafunga, wakati mwingine rejeta zinapata joto.

FundiJoto

Mama, hilo si la ajabu. Ndani ya boila ya aina hiyo kuna vali inayogeuza njia: ukifungua bomba la maji ya moto, inayapeleka maji yaliyopashwa kwenye kibadilisha joto cha maji ya kuogea, sehemu inayohamisha joto bila kuyachanganya maji; ukifunga, inayarudisha upande wa rejeta. Yako inakwama upande wa bomba, na ule mshtuko wa kufungua na kufunga ndio unaoiachia kwa bahati. Kabla ya kumwita fundi, jiridhishe kwanza na yaliyo nje ya boila: kwamba themostati inatoa amri kweli, kwamba haijapoteza mawasiliano na kipokezi chake kama ni ile isiyo na waya, na kwamba saa ya kupangia muda haijabaki nyuma tangu saa ziliporudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi ambazo kasoro ilikuwa ni saa tu. Kama hayo yote ni sawa, vali hiyo ibadilishwe au isafishwe na mwenye leseni.

Ningekuuliza pia, boila yako inanguruma kama birika linalokaribia kuchemka? London na kusini-mashariki kote maji yana chokaa nyingi, na chokaa ikishika ndani ya kibadilisha joto, boila inapiga kelele hiyo na maji ya bombani yanaanza kuwa moto, kisha baridi, kisha moto.

MkaziBarking

Haingurumi. Saa iko sawa, na taa ya kipokezi inawaka nikipandisha themostati. Nitamwita fundi. Asante sana, maelezo haya yamenifungua macho.

MpangajiLeeds

Fundi, nimefanya kama ulivyoelekeza. Boila ikiwa baridi niliuacha mshale kwenye 1.3 na nikafunga koki zote mbili. Nilipowasha joto, mshale ulianza kupanda bila kusimama: ukapita 2, ukaingia kwenye eneo jekundu, ukakaribia 3. Nilipotoka nje, paipu ya shaba ilikuwa inatiririsha maji ya moto yenye mvuke. Chini yake kuna michirizi myeupe kwenye matofali, maana yake limekuwa likitokea muda mrefu, na ardhini pamefanyika bamba la barafu. Boila ilipopoa, mshale ukarudi 0.2. Maungio ya rejeta zote ni makavu.

FundiJoto

Dada, umefanya kazi ambayo ingemchukua fundi saa nzima kwa malipo yako. Sasa hatukisii tena.

Maji yakipata joto yanatanuka. Maji ya lita 100 yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 yanaongezeka karibu lita 3, na lita hizo lazima zipate pa kwenda, maana mfumo umefungwa. Ndiyo sababu boila ina tangi dogo la kutanukia, jekundu au la kijivu, mara nyingi lililo bapa na kuwekwa nyuma. Ndani lina kiwambo cha mpira: upande mmoja kuna maji, upande wa pili kuna hewa iliyojazwa kwa presha ya 0.75 hadi 1 bar, kipimo kile kile cha mshale wako. Maji yakitanuka yanasukuma kiwambo, hewa inabanwa, na mshale unapanda kidogo tu, tuseme kutoka 1.3 hadi 1.8. Hewa hiyo hupungua taratibu mwaka hadi mwaka, au kiwambo kinachanika. Hapo maji yanayotanuka yanakosa nafasi, presha inapaa, na ikifika 3 bar vali ya usalama inafunguka na kuyamwaga nje kupitia paipu ya shaba. Nyumba ikipoa, maji yanasinyaa, lakini yale yaliyomwagika hayapo tena, kwa hiyo unakuta mshale uko chini. Unajaza, unawasha, yanamwagika tena. Mzunguko huo ndio umekuwa maisha yako tangu baridi ianze.

Jambo la pili: vali ya usalama ikishafunguka mara nyingi, uchafu unanasa kwenye kikalio chake, nayo haifungi tena sawasawa, inadondosha hata presha ikiwa 1. Kwa hiyo fundi akija akajaza hewa kwenye tangi peke yake akaondoka, usishangae ukiendelea kupoteza maji. Mwombe aikague vali na aibadilishe. Tangi lenyewe halina gharama ya kutisha kama ni la kujazwa hewa tu, kwa sababu lina koki kama ya tairi la gari na hujazwa kwa pampu, baada ya maji ya boila kushushwa hadi presha iwe sifuri. Akibonyeza kipini cha koki hiyo na yakatoka maji badala ya hewa, kiwambo kimechanika, na tangi libadilishwe. Palipobana nyuma ya boila, mafundi wengi hufunga jipya kando, kwenye paipu inayorudi, na ni suluhisho halali kabisa.

Usijaribu kufungua kifuniko cha boila mwenyewe. Boila nyingi kifuniko chake cha mbele ni sehemu ya kuzuia moshi usiingie ndani ya nyumba, na kikirudishwa vibaya, gesi ile niliyoisema juu ya mkaa ndiyo itakayoingia. Kwa sheria, anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe ameandikishwa Gas Safe Register, rejesta ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Ana kadi yenye picha yake na namba ya leseni, na nyuma ya kadi pameandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Mwombe akuonyeshe pande zote mbili. Fundi wa kweli hatakasirika.

Baharia_wa_Tanga

Ndugu Fundi, nimekuelewa kuhusu mkaa na ninakushukuru kwa kuniweka sawa. Je, ile dawa ya maji inayouzwa madukani, inayomiminwa kwenye mfumo kuziba panapovuja, haiwezi kumsaidia dada wakati anasubiri?

FundiJoto

Haiwezi, kwa sababu kwake hakuna tundu. Vali inafunguka kwa kuwa imetengenezwa ifunguke. Dawa hiyo ingezunguka bure na ingeweza kuganda kwenye njia nyembamba za kibadilisha joto. Hata kwa mwenye paipu inayovuja, ningeanza na kutafuta mahali penyewe. Kuna namna rahisi: boila ikiwa imepoa na presha iko 1.5, fundi anafunga koki mbili za chini ya boila, ya maji yanayotoka na ya yanayorudi, na kuziacha hivyo usiku. Mshale usiposhuka, boila ni nzima na maji yanapotelea kwenye paipu za nyumba, pengine chini ya sakafu. Ukishuka, kasoro imo ndani ya boila.

MpangajiLeeds

Nimemtumia mwenye nyumba maelezo haya yote pamoja na picha ya paipu ya shaba. Amejibu kwamba mpangaji ndiye anayetumia boila, kwa hiyo mpangaji ndiye atengeneze, na kwamba kwa muda niendelee kujaza.

MshauriWapangaji

Dada, kwa England jambo hilo halina mjadala. Kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze na kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto na ya kupasha maji, kwa mikataba ya kupanga iliyo chini ya miaka 7, na mkataba hauwezi kukuhamishia mzigo huo. Anawajibika vilevile kuhakikisha vifaa vya gesi vinakaguliwa na fundi wa Gas Safe kila baada ya miezi 12 na kukupa nakala ya cheti ndani ya siku 28. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2022, kwa England, anapaswa kuweka kengele ya kaboni monoksaidi katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma fueli, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Kwa boila yako iliyo jikoni, hakikisha kengele hiyo ipo.

Mwandikie barua pepe badala ya simu, ukitaja tarehe tatizo lilipoanza, uliyoyaona na kwamba ndani kuna mtoto mchanga na mtu mzima. Mwombe kwa adabu tarehe ya fundi kufika. Asipojibu, wasiliana na idara ya makazi ya halmashauri ya jiji; baridi iliyozidi ndani ya nyumba ni miongoni mwa hatari ambazo halmashauri ina mamlaka ya kuzikagua chini ya sheria ya makazi ya 2004. Usikate kodi kwa hiari yako, kwa sababu unaweza kujiingiza kwenye deni litakalotumika kukutoa.

FundiJoto

Nakubaliana na kila neno. Niongeze hoja ya kumpa mwenye nyumba, inayogusa mfuko wake. Kila ukijaza maji mapya, unaingiza hewa mpya ya oksijeni ndani ya chuma, na unaizimua dawa ya kuzuia kutu iliyokuwemo. Rejeta zinaanza kuliwa kutoka ndani, kutu nyeusi inageuka tope, tope linakwenda kwenye pampu na kwenye kibadilisha joto. Anayekuambia uendelee kujaza anaiua boila yake mwenyewe, na boila nzima ni ghali mara nyingi kuliko vali na hewa kidogo ya tangi.

MpangajiLeeds

Wakuu, narudi na taarifa. Barua pepe ilifanya kazi. Mwenye nyumba alimtuma fundi mwenye kadi, nami nilimwomba anionyeshe pande zote mbili. Alikuta tangi la kutanukia halina hewa kabisa, ila kiwambo ni kizima. Amelijaza, amebadilisha vali ya usalama, na amefunga kengele ya kaboni monoksaidi. Sasa mshale ukiwa baridi uko 1.2, na joto likikolea haupiti 1.7. Paipu ya shaba ni kavu.

Limebaki jambo moja dogo. Rejeta ya chumba cha mtoto ina joto juu, lakini chini katikati ni baridi. Nilijaribu kutoa hewa kwa ule ufunguo mdogo, yakatoka maji meusi bila hewa yoyote.

FundiJoto

Hongera dada. Kwa rejeta hiyo usiendelee kutoa hewa, kwa kuwa utakuwa unapunguza presha tu. Rejeta yenye hewa inakuwa baridi juu na moto chini. Iliyo baridi chini katikati ina tope limelala, na maji meusi uliyoyaona ni lile tope nililolisema. Ingekuwa ni baridi yote wakati nyingine zote ni moto, ningekuambia ukifungue kichwa cha koki yake ya joto, ile yenye namba 1 hadi 5, uone kama kipini kilichomo kinashuka na kupanda. Mara nyingi hukwama baada ya kiangazi kizima cha kufungwa, na kinaachia kwa kugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, bila kukivuta kwa koleo, maana kikichomoka maji yatakufuata.

Kwa tope, mwenye nyumba aagize rejeta hiyo ishushwe ukutani ipelekwe nje isafishwe kwa mpira wa maji, au, ikiwa nyingine nazo zinaonyesha dalili hiyo, mfumo mzima usafishwe, ufungwe chujio la sumaku kwenye paipu inayorudi kwenye boila, na itiwe dawa mpya ya kuzuia kutu, kwa sababu ile ya zamani imeshazimuliwa na maji yote uliyojaza. Kazi hiyo inaweza kusubiri majira ya joto, mradi chumba cha mtoto kinapata nyuzi 18 hivi. Kisichosubiri ni ile paipu nyeupe ya nje: wavishe sponji kabla ya wimbi jingine la barafu. Na kama siku yoyote utasikia harufu ya gesi ndani, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua madirisha, funga gesi kwenye mita, tokeni nje, kisha piga 0800 111 999. Ni bure na wanapokea saa 24 kwa England, Scotland na Wales.

MpangajiLeeds

Nimeiandika namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya mita, ili hata mama aione. Sponji ya paipu mwenye nyumba ameahidi kuileta Jumamosi.